Mwalimu, Iache Kwanza Hiyo Baofeng

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa shule moja ya kutwa huko Njoro. Amejiwekea akiba ya shilingi elfu thelathini. Muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, amempa bei nzuri ya Baofeng UV-5R na kumhakikishia kwamba "hiyo inashika kilomita hamsini bila wasiwasi." Mwalimu anauliza mambo matatu: je, hiyo ndiyo redio ya kuanzia kwa mtu anayetaka kuingia katika redio ya ridhaa, yaani kurusha na kupokea mawimbi kwa kujifunza na kupenda tu, si kwa biashara? Leseni inapatikanaje? Na je, atalazimika kukariri nukta na vistari vya Morse?

Hilo la mwisho ndilo jepesi, wacha nilimalize. Sharti la kimataifa la Morse liliondolewa mwaka 2003, katika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio, na tangu hapo kila nchi inajiamulia. Morse isikuzuie kuanza. Ukija kuipenda baadaye, kama nilivyoipenda mimi, itakuwa kwa hiari yako.

Sasa Baofeng. Usiinunue bado, mwalimu, na sababu si kwamba ni takataka. Ni redio ndogo ya mkononi, ya wati tano hivi, inayofanya kazi kwenye VHF na UHF, yaani masafa yaliyo juu ya megahezi 30, na kwa bei yake inashangaza. Baadhi yake zikipimwa huonekana zinavujisha mawimbi ya ziada nje ya masafa uliyochagua, kupita kiwango kinachokubalika, lakini hata hiyo si sababu yangu kubwa.

Tuanze na kilomita hamsini za muuzaji. Mawimbi ya VHF huenda karibu mstari ulionyooka, kwa hiyo yanaishia pale dunia inapojikunja. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12; hizo ndizo kilomita mpaka upeo wa redio. Ukiwa umesimama shambani na redio mdomoni, kimo ni mita moja na nusu, na jibu ni kilomita tano. Mwenzako aliyesimama vivyo hivyo ana tano zake. Jumla kumi, kama ardhi ni tambarare na hakuna msitu wala majumba. Lakini ukipanda ukingo wa Menengai, mita kama mia nne juu ya mji wa Nakuru, upeo wako unaruka hadi kilomita themanini na kitu. Kwa hiyo muuzaji hakusema uongo mtupu, ila hakukwambia kwamba lazima uhamie Menengai.

Nawe Njoro uko juu ya Nakuru tayari, kwa hiyo ukipata mahali pa wazi hutashindwa kumfikia mtu aliye mjini. Swali ni hili: mtu gani? Wanaredio wa ridhaa nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na viunga vyake. Kati yako na wao kuna kuta za Bonde la Ufa. Upande wa pili, kati yako na sisi wa Kisumu, kuna Mau na milima ya Nandi. Unaweza kuita kwenye megahezi 145.500, masafa ambayo eneo letu la kimataifa huyatumia kwa wito wa FM, toka asubuhi mpaka ng'ombe warudi, na usisikie ila mkwaruzo. Nimeona vijana kadhaa wakianza hivyo. Wananunua Baofeng, wanaita wiki mbili, hawajibiwi, wanahitimisha kwamba redio ya ridhaa ilikufa zamani na babu zao, kisha ile redio inaishia kwa mshereheshaji wa harusi.

Redio ya kuanzia kwa mtu wa magharibi mwa Kenya ni ya masafa mafupi, yaani HF, kati ya megahezi 3 na 30. Huko mawimbi hayajali Mau. Yanapanda hadi ayonosfia, tabaka la hewa lililochajiwa na jua, mamia ya kilomita juu, na kurudishwa chini. Sisi tulioketi juu ya ikweta tumependelewa: jua la utosini hulichaji tabaka hilo vizuri kuliko linavyofanya kwa mtu wa Uingereza au Kanada. Mchana, megahezi 7 ukizirusha karibu wima kabisa zinarudi na kumwagika pande zote, kama maji ya mferejini yaliyoelekezwa kwenye dari. Nairobi, Kampala, Arusha, Eldoret, wote wanakusikia, milima ipende isipende. Jua likizama, bendi hiyohiyo inanyoosha miguu na kufika Ulaya na Bara Hindi. Ukipanda megahezi 14, 21 au 28, mchana unafika mabara mengine kwa nguvu ndogo za ajabu, hasa miaka hii ambayo jua limechangamka. Kilele cha mzunguko wake wa sasa kilitangazwa mwaka 2024, na kushuka kwake huchukua miaka kadhaa.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kituo cha Kenya ni adimu. Alama zetu za wito, yaani majina ya vituo hewani, huanza kwa 5Z4, na mtu wa Japani au Marekani akiisikia huacha chai yake. Mwanaredio wa Ujerumani huita na kuita kabla hajapata wa kumjali, kwa sababu Wajerumani wamejaa hewani. Wewe utaita mara moja, na watapangana foleni. Hata mraba wako kwenye ramani ya wanaredio una thamani: Nakuru mjini ni KI89, Kisumu ni KI79, na ukivuka ikweta kwenda Kakamega unaingia KJ70, mraba tofauti kabisa ambao wapo wanaouwinda kwa miaka.

Lakini kabla ya kununua chochote kinachorusha, nunua masikio. Leo usiku, kwa simu yako, fungua kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Kilianza kwenye intaneti mwaka 2008, ni bure, na unaweza kukizungusha mwenyewe kuanzia masafa ya chini kabisa hadi megahezi 29. Nenda kati ya megahezi 7.050 na 7.200, chagua LSB, namna ya kurusha sauti inayotumika huko, na usikilize watu wanavyoitana, wanavyotaja alama zao, wanavyopeana ripoti ya sauti. Wiki moja ya hilo itakufunza adabu za hewani kuliko kitabu. Ukishavutiwa, agiza kipokezi kidogo cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta. Toleo la tatu hufika hadi chini ya megahezi moja, na bei yake nje ni kama dola 35. Ning'iniza waya wa mita kumi dirishani mwa maabara ya shule na usikilize Njoro yenyewe, si Uholanzi.

Jaribio la kwanza ningekupa ni hili, na wanafunzi wa kidato cha tatu watalifurahia. Kwenye megahezi 14.100 kuna vituo 18 duniani vinavyopokezana usiku na mchana, kila kimoja sekunde kumi, na mzunguko unarudi mwanzo kila baada ya dakika tatu. Kila kituo hutaja alama yake, kisha hutoa vistari vinne: cha kwanza kwa wati 100, cha pili kwa 10, cha tatu kwa wati moja, cha nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Huhitaji kujua Morse. Ratiba inakuambia nani yuko zamu, saa yako ikiwa sahihi. Kenya ina chake, 5Z4B, huko Kikuyu. Na hapa ndipo raha ilipo: huenda ukamsikia wa Afrika Kusini, ZS6DN, na wa Israeli, 4X6TU, vizuri kabisa, halafu huyu jirani wa Kikuyu usimsikie au umsikie kwa shida. Yuko mbali mno kwa wimbi linalotambaa ardhini, na karibu mno kwa wimbi linaloruka angani. Linapita juu ya paa lako. Somo la mwakisiko wa mawimbi umeshalifundisha mara nyingi ubaoni. Hili watalisikia kwa masikio yao.

Leseni. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 inataka kituo cha kurusha kiwe na leseni, na anayeitoa ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, makao yake yakiwa Waiyaki Way, Nairobi. Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni ushahidi kwamba umefaulu mtihani wa redio ya ridhaa. Hicho ni elimu yako, hakiishi muda. Cha pili ni leseni yenyewe pamoja na alama ya wito, ambavyo unaviomba kwa Mamlaka ukiwa na ushahidi huo na kitambulisho chako, unavilipia ada, na unavihuisha. Usianzie kwa Mamlaka. Anzia kwa chama cha kitaifa cha wanaredio wa ridhaa, ARSK, uwaulize mtaala na tarehe za mtihani unaofuata. Ni watu wa kujitolea, kwa hiyo wakichelewa kukujibu usinune, andika tena.

Mtihani kwako hautakuwa mlima. Nusu yake umeifundisha: kanuni ya Ohm, nguvu, mzunguko wa koili na kapasita, urefu wa wimbi. Kinachowaangusha watu wa sayansi ni upande wa sheria na uendeshaji, kwa sababu wanaudharau. Soma mgao wa masafa wa eneo la kwanza la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ambamo Afrika yote imo: bendi ya mita 40 (huitwa hivyo kwa urefu wa wimbi lake) kwetu ni megahezi 7.000 hadi 7.200, ya mita 2 ni 144 hadi 146. Vitabu na video za Marekani zitakuambia 7.300 na 148. Ukiyajibu hayo umekosa, na ukiyarusha umevunja sheria. Benki za maswali za Wamarekani ni za bure na nzuri kwa mazoezi ya nadharia. Mtihani wao wa ngazi ya kwanza una maswali 35, kufaulu ni 26. Fanya mazoezi nazo, ila ujue leseni yao haikuruhusu kurusha ukiwa Njoro.

Jua pia yale ambayo leseni hiyo haitakuruhusu kamwe. Redio ya ridhaa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya utafiti wa kiufundi bila faida ya pesa. Huwezi kuitumia kuratibu matatu za sacco wala kuuza viazi. Huwezi kupiga muziki. Huwezi kuficha ujumbe kwa msimbo wa siri. Nilishaulizwa na mtu mmoja kama inaweza kumsaidia kuwasiliana na mlinzi wa shamba lake. Jibu ni la, hiyo ina leseni yake nyingine.

Tukija kwenye redio yenyewe, elfu thelathini hazitoshi kwa ile ningependa uipate. Xiegu G90, ya wati 20, yenye tyuna (kifaa cha kuoanisha redio na antena) ndani yake, huuzwa nje kati ya dola 400 na 500 kabla ya usafiri na ushuru. Ndiyo ningempa karibu kila anayeanza huku kwetu: haili betri sana, na tyuna yake inasamehe antena zilizokatwa vibaya. Redio za wati 100 kama Yaesu FT-891 au Icom IC-7300 ni bora kwa kila kitu isipokuwa umeme. Zikirusha hunywa zaidi ya ampea 20, na betri ya sola ya nyumbani itakulilia. Kwa pesa ulizo nazo sasa kuna (tr)uSDX, kijiredio cha wati tano na bendi tano. Kinafanya kazi, lakini sokoni kuna nakala nyingi za ovyo zilizofungwa vipuri duni. Ushauri wangu ni usikilize na usome kwa elfu kumi za kwanza, na zile nyingine ziendelee kuongezeka mpaka mtihani upite. Na redio inayorusha usiiagize kabla hujaiuliza Mamlaka kama redio ya aina hiyo imeidhinishwa. Forodha wakiishikilia, kila siku ghalani ni gharama.

Pesa chache zitakazokupa faida kubwa kuliko zote ni za antena, na hii utaitengeneza mwenyewe. Ni dipoli, antena ya waya yenye mikono miwili, ya mita 40: gawa 143 kwa megahezi unazotaka. Kwa 7.1 ni mita 20.1 jumla, yaani kumi na kidogo kila mkono. Nenda hadweya ununue waya wa stima wa milimita 1.5 za mraba, ule wa uzi mmoja, ukate mikono miwili ya mita 10.36. Ndiyo, mirefu kuliko hesabu; kukata ni rahisi, kuunga ni balaa. Katikati weka kipande cha paipu ya PVC chenye matundu, funga kila mkono hapo kwa fundo ili uzito ubebwe na paipu wala si kiungo cha risasi, kisha lehemu kiini cha kebo kwenye mkono mmoja na wavu wake kwenye mwingine. Kiungo kifunike kwa mpira wa kuzibia baiskeli na utepe juu yake, maana maji yakiingia kwenye kebo hutambaa ndani mita nyingi na hutajua mpaka kila kitu kinyamaze. Karibu na kiungo, zungusha kebo hiyo mara kumi kwenye paipu ya inchi nne, ili isirushe nayo. Hata kebo ya TV ya omu 75 inafaa, kwa kuwa dipoli yenyewe hukaribia kiasi hicho.

Ining'inize kati ya mikaratusi miwili, mita sita au saba juu. Vitabu vya Ulaya vitakusihi uipandishe mita ishirini. Kwa kuongea na Kenya na majirani, chini ndiko kuzuri, kwa sababu inarusha juu. Pima kwa NanoVNA, kipimo kidogo cha antena, ambayo ni rahisi na ukiwa mwalimu itakusaidia darasani pia. Ukikuta imekaa kwenye 6.9 badala ya 7.1, ondoa sentimita 29 kila upande. Lakini usiondoe zote kwa mkupuo. Toa ishirini, pima, kisha malizia. Na antena hiyohiyo itakupa megahezi 21 bila kuongeza kitu, kwa kuwa hiyo ni mara tatu ya 7.

Kisha uje kugundua kwamba huwezi kusikia mtu kwa kelele za nyumbani kwako. Hapa adui si laini ya stima tu. Vidhibiti vya bei rahisi vya sola, chaja za simu zisizo na jina, na balbu za LED za mia moja hunguruma kwenye HF kama kinu cha posho. Chukua redio ndogo ya betri yenye AM, iweke mahali pasipo na stesheni, uzunguke nayo nyumba nzima ukizima kitu kimoja kimoja. Mara nyingi mwenye makosa ni kidhibiti cha sola. Dawa ya haraka ni kukikata kwenye betri saa unayoongea. Betri iliyojaa itakutosha jioni nzima kwa wati 20.

Sasa radi, na hapa sitanii. Ukanda huu kuanzia Nandi na Kericho, ambako mvua ya mawe hunyesha mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, hadi Kisii, Kakamega na ukingo wa ziwa, unapigwa na radi vibaya. Huku Kisumu, msimu wa mvua ukishafika, kuanzia alasiri megahezi 7 zinajaa milipuko kabla hata wingu halijaonekana. Usiku dhoruba huhamia ziwani na milipuko inaendelea. Kwa hiyo saa zangu za kuongea ni asubuhi. Antena yako isiachwe ikiwa imechomekwa usipokuwepo. Si kuzima redio. Ni kuichomoa kebo na kuitoa nje ya dirisha, mbali na ukuta, mwisho wake ufungwe kwenye nguzo ya shaba uliyoipigilia ardhini nje. Fanya hivyo kila unapomaliza, hata mbingu iwe safi. Ukishasikia ngurumo, usiiguse tena kebo hiyo, ondoka chumbani. Na waya usipite juu wala chini ya laini ya stima, hata ile nyembamba inayoingia nyumbani. Kwenye shule, antena ifungwe juu mno mtoto asiweze kuidandia.

Baada ya leseni, Baofeng itapata kazi yake. Kituo cha Anga za Juu cha Kimataifa hupita juu yetu mara kadhaa kila siku, na sauti yake hutoka kwenye megahezi 145.800, kupita kumoja kunakuwa kama dakika kumi. Kuna mpango wa kimataifa uitwao ARISS unaounganisha shule na wanaanga kwa redio ya ridhaa, na shule huomba nafasi mapema. Mpaka hapo, RTL-SDR uliyoinunua kwa ajili ya HF inakisikia kituo hicho vilevile, pamoja na antena ya sentimita hamsini.

Ukija kununua HF ya mtumba, nenda na betri yako na mzigo bandia wa omu 50, yaani kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena. Iwashwe mbele yako. Sikiliza kila bendi, si moja. Rusha kwenye mzigo kwa SSB (LSB ni moja ya aina zake) ukihesabu moja hadi kumi, uangalie wati zinapanda na kushuka na sauti. Zikikaa palepale, kuna kitu. Ulizia maikrofoni na kebo ya umeme ya asili, maana kuvitafuta baadaye ni ghali kuliko unavyodhani, na ulizia karatasi za umiliki. Akisema haiwezi kuwashwa leo kwa sababu fulani, panda matatu urudi Njoro na pesa zako.